Kuhama nchi na mbwa wawili: mwongozo wa safari ya kuaga, Dar hadi Tukuyu kwa gari

Mume wangu alitakiwa kuanza kazi Hamburg mwezi wa sita. Alianza wa saba, baada ya barua mbili na simu moja ndefu kwa mwajiri. Waliotuchelewesha ni Pili na Bruno, mbwa wetu, au tuseme tarehe mbili zilizopishana vibaya kwenye kadi zao za chanjo.

Katika kusubiri huko ndipo tulipofanya safari tuliyokuwa tukiiahirisha kwa miaka mitatu: kutoka Dar hadi Tukuyu kwa wazazi wa mume wangu, siku 16, mbwa wakiwa nyuma. Tulidhani tunaenda kuaga tu. Kumbe ndiyo iliyowafundisha mbwa kusafiri, na sisi kuwasafirisha. Kama nanyi mnahama na mbwa, kipindi cha kusubiri mtakuwa nacho mtake msitake. Nawaonyesha namna ya kukitumia.

Karatasi kwanza, gari baadaye

Kwa Umoja wa Ulaya, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia kwa chanjo peke yake. Kenya pia haimo. Kwa hiyo kuna mlolongo, na kila hatua ina siku zake:

1. Mbwa anawekwa chipu chini ya ngozi, ya kiwango cha ISO, yenye tarakimu 15.
2. Anachanjwa kichaa cha mbwa, siku hiyo hiyo ya chipu au baadaye. Kabla ya chipu, chanjo haihesabiki. Mtoto wa mbwa asiyefikisha wiki 12 hachanjwi.
3. Zikipita siku 30 au zaidi baada ya chanjo, anatolewa damu. Inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya kupima kama kinga imefika 0.5 kwa kipimo cha IU/ml.
4. Mnasubiri miezi 3, kuanzia siku ya kutoa damu. Haianzi siku majibu yanapotoka, na wengi hapa ndipo wanapokosea hesabu.
5. Ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Ulaya, daktari wa mifugo wa serikali anasaini cheti cha afya.

Sasa kosa letu. Pili na Bruno walichanjwa tarehe 5 Februari kwenye kliniki ambayo jina lake naliacha. Chipu zilikuwa zimeisha, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Tukarudi tarehe 12, chipu zikawekwa, kadi zikajazwa, tukaenda zetu nyumbani tukiwa na furaha. Wiki tatu baadaye daktari mwingine alizitazama kadi zile, akavua miwani, akasema: "Dada, hii chanjo ya Februari mbele ya Wajerumani ni sawa na hakuna." Tukachanja upya tarehe 8 Machi, damu ikatolewa tarehe 10 Aprili, na kwa hesabu hiyo hatukuweza kuingia Ujerumani kabla ya tarehe 10 Julai.

Kwa hiyo mkiwa bado mezani kwa daktari, someni kadi mstari kwa mstari. Namba ya chipu iandikwe tarakimu zote 15, na mwombe apitishe kifaa cha kusomea shingoni mwa mbwa mbele yenu, mlinganishe. Tarehe ya chipu isiwe baada ya tarehe ya chanjo. Tarehe ya chanjo kuisha muda iwe mbali na siku ya ndege, kwa sababu ikipita bila kurudiwa, kipimo cha damu nacho kinakufa na mnaanza moja.

Kalenda ipangwe kurudi nyuma: wekeni siku ya ndege, toeni miezi 3, toeni siku 30, kisha toeni tena wiki mbili tatu za uzembe wa watu. Hiyo ndiyo siku ya kwenda kliniki. Safari ya gari ikae katikati ya ile miezi mitatu. Ikiwa mwanzoni kabisa, majibu ya maabara yanaweza kuwakuta porini yakiwa na tatizo. Mkichelewesha hadi mwishoni, mtagongana na cheti cha siku 10.

Anayekwenda Uingereza atakuta mlolongo unaofanana na huu, ila anaongeza dawa ya tegu kabla tu ya kuingia, na kwa ndege mbwa huingia kama mzigo. Marekani ilibadili kanuni zake tarehe 1 Agosti 2024: mbwa awe na angalau miezi 6, awe na chipu, na akitoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, zetu zikiwemo, masharti yanaongezeka. Finland, Ireland, Malta na Norway nazo zinadai dawa ya tegu, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia.

Na kabla ya yote hayo, angalieni aina ya mbwa. Ujerumani haipokei Pitbull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bullterrier wala Bullterrier, pamoja na chotara wao. Wenye pua bapa, kama Pug, mashirika mengi ya ndege huwakataa au huwawekea masharti kwa sababu ya kupumua kwao. Pili ni mbwa koko aliyeokotwa Mbagala, hana aina, na kwa mara ya kwanza hilo likawa faida. Nafasi ya mbwa ithibitishwe na shirika la ndege kabla hamjalipia tiketi zenu.

Kizimba kinunuliwe mapema

Watu hununua kizimba cha ndege wiki ya mwisho. Mbwa anakiona kwa mara ya kwanza akiwa uwanja wa ndege, kwenye kelele, na anatarajiwa akae humo nusu siku. Hapana. Kinunueni siku ya kutoa damu, na safari yote ya gari mbwa asafiri ndani ya kizimba hicho hicho.

Kipimo: asimame bila kugusa juu, ageuke, alale amenyoosha miguu. Mpimeni kutoka pua hadi mwanzo wa mkia, na kutoka chini hadi ncha ya masikio akiwa amesimama. Bruno, mbwa mweusi mwenye kifua kama pipa, alihitaji kikubwa kiasi kwamba tuling'oa kiti kizima cha nyuma.

Siku za kwanza kiwekeni sebuleni mlango wazi, chakula kiliwe humo. Baada ya wiki, fungeni mlango dakika tano, kisha kumi, kisha muda wa taarifa ya habari. Halafu kiingie kwenye gari, mzunguko wa mtaani, hadi Kibaha na kurudi. Pili alilia siku nne. Siku ya tano tulimkuta amelala humo bila kuitwa.

Msimpe dawa ya usingizi, wala kwa gari wala kwa ndege. Inashusha presha na kuvuruga pumzi, na mashirika ya ndege hukataa mbwa aliyeleweshwa. Anayetapika kwenye gari asile saa tatu nne kabla ya kuondoka. Hilo peke yake lilimponya Bruno.

Kupe, mbung'o na begi la dawa

Barabara ya Dar hadi Mbeya inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na Mikumi kuna mbung'o. Mbwa huugua nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kama ng'ombe, na asipotibiwa mapema hufa. Dalili huja baada ya wiki moja hadi tatu: homa, kukonda, uso kuvimba, na ile ambayo wengi huitambua kwa kuchelewa, jicho kufunga ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Mkiiona, semeni kwa daktari mlipita wapi. Daktari wa mjini asiyejua mlipita Mikumi atatibu jicho.

Kwa kupe, wapeni kidonge au dawa ya mgongoni wiki moja kabla ya kuondoka, halafu kila jioni pitisheni vidole: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Kupe huleta homa inayovunja damu. Ufizi ukipauka au mkojo ukiwa rangi ya kahawa, siku hiyo hiyo kwa daktari.

Kwenye begi tuliweka bandeji, iodini, maji ya chumvi, kibano cha kupe, kipimajoto na soksi kuukuu za kufungia mguu uliochanika. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, kwa hiyo akisoma 38.5 msishtuke. Dawa zenu za maumivu zikae mbali naye. Parasetamo, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuwa sumu kwa mbwa, kwa hiyo msimpe hata nusu kidonge cha huruma.

Chakula kitoke nyumbani. Wetu hula ugali wa dona na dagaa, na tulibeba unga, dagaa waliokaangwa wakakauka, na sufuria. Hapo hapo tukaanza kuchanganya chakula kikavu cha mfuko, kijiko kwa kijiko, kwa sababu Hamburg dagaa wa Mwanza wangewapata wapi. Kubadili chakula ghafla ni kuharisha, na kuharisha ndani ya gari lililofungwa vioo sina haja ya kukuelezeni.

Nakala za kadi za chanjo ziwe mbili, moja mkononi na picha kwenye simu. Piteni pia kwa daktari wa mifugo wa wilaya mkamweleze mnavuka mikoa na mbwa, awaandikie anachoona kinahitajika. Tulisimamishwa mara moja tu, na karatasi yenye mhuri ilimaliza mazungumzo.

Barabarani

Tulichagua Juni. Masika yameisha, barabara ni kavu, na joto la pwani limepungua. Siku tatu za kwenda zinatosha. Wenye haraka huenda kwa mbili, lakini hao hawana mbwa.

*Siku ya kwanza, Dar hadi Morogoro, kilomita 190 hivi.* Fupi kwa makusudi. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, Kimara iwe nyuma yenu kabla foleni haijaamka. Simameni kila baada ya saa mbili: maji, mkojo, dakika kumi za kutembea. Kamba ifungwe KABLA mlango wa gari haujafunguliwa. Sheria hii tuliiandika kwa karatasi tukaibandika kwenye dashibodi baada ya Pili kuchomoka kwenye sheli ya Chalinze na kukimbia kati ya malori mawili. Mume wangu alimfuata bila viatu. Wachoma mahindi walicheka hadi wakakaa chini, mimi nilikuwa nalia.

Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ukiwa na mbwa mwenye dalili yoyote, hapo ndipo pa kumwonyesha, maana mbele yake huduma zinapungua.

*Siku ya pili, Morogoro hadi Iringa.* Hii ndiyo siku yenyewe, kilomita zaidi ya 300, na imejaa mambo. Ondokeni saa kumi na mbili kamili. Kabla ya kuingia Mikumi simameni mbwa wajisaidie, kisha fungeni vioo vyote, washeni kiyoyozi. Hifadhini kipenzi cha nyumbani haruhusiwi. Nyinyi mnapita tu kwenye barabara kuu, kilomita 50 hivi, na hampaswi kushusha mbwa hata akililia mkojo. Spidi mchana ni 70, na mabango yameorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nyani hukaa pembeni kusubiri wanaorusha ndizi. Bruno aliwabwekea hadi kizimba kikatikisika, na dume mmoja akasogea kuonyesha meno. Nyani dume anamchana mbwa vipande, kwa hiyo kioo kisishushwe hata inchi moja, na picha pigeni kupitia kioo.

Mkishapita mji wa Mikumi mnaingia bonde la mibuyu kuelekea Ruaha Mbuyuni, na hapo joto linakuwa jambo jingine kabisa. Jitahidini kulivuka kabla ya saa tano. Gari lililosimama juani hupanda joto takribani nyuzi 10 ndani ya dakika 10, hata kioo kikiwa wazi kidogo. Kwa hiyo mmoja akienda chooni au dukani, mwingine anabaki na mbwa, injini na kiyoyozi vikiendelea. Mbwa aliyezidiwa na joto huhema kwa kelele, mate huwa mazito, ufizi huwa mwekundu sana, kisha huyumba. Mwekeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepeeni, mpeni maji kidogo kidogo, na mtafute daktari hata akionekana amepona. Mtoni msimpeleke, Ruaha Mkuu una mamba.

Ruaha Mbuyuni ni nchi ya vitunguu. Mtanunua, kila mtu hununua, na mama mkwe atauliza viko wapi. Ila gunia lisikae karibu na mbwa. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili huchelewa siku kadhaa, wakati mmeshasahau alikula nini. Letu tulilifunga juu ya keria.

Halafu mlima Kitonga. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza, kona hazionyeshi mbele, na ukikuta semi imelala barabarani unaweza kukaa saa nzima. Bakini na lita kumi za maji ya mbwa kabla ya kuanza kupanda, na msiovateki kwenye kona kwa sababu mbwa analia. Juu, kuanzia Ilula, hewa inabadilika kama mtu amefungua friji. Pili aliinua pua akanusa kwa muda mrefu. Hakuwahi kusikia baridi maishani mwake.

*Siku ya tatu, Iringa hadi Tukuyu.* Ndefu lakini tulivu. Mafinga, Makambako, Mbeya, kisha kilomita kama 70 za kushuka Rungwe kati ya migomba na chai. Matrafiki wa tochi ni wengi, na kibao cha 50 kila kijiji kiheshimuni. Jambo la kuchunga ni baridi: Juni usiku huku ni wa sweta, na mbwa wa Dar hana manyoya ya kazi hiyo.

Kulala njiani

Pigeni simu kabla, na semeni neno "mbwa" waziwazi. Msifike mkategemea huruma. Kuna gesti zitakazokataa, na sababu mara nyingi ni ya kidini: kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na chumba kile kesho kitalalwa na mtu anayetaka kuswali. Hilo si la kubishana. Ulizeni kama kuna ua wenye geti, ombeni chumba cha pembeni, mbwa alale kwenye kizimba chake juu ya turubai lenu, na mlipe kidogo zaidi kwa usafi. Mlinzi wa usiku ajulishwe na aonyeshwe mbwa kabla ya giza.

Mbwa wa mitaani msiwachangamanishe na wenu, hata wakionekana wapole. Mbwa wenu akiumwa na mbwa msiyemjua, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi, nendeni kwa daktari mkiwa na kadi ya chanjo. Mkiumwa nyinyi, osheni dakika 15 kwa maji yanayotiririka na mfike hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Ukweni

Mnaaga wazee, na wazee wana mbwa wao: wa kulinda, wa kulala nje, wa kula mabaki. Jioni ya kwanza mama mkwe alisimama mlangoni akimtazama Pili kwa muda.

"Mwanangu, huyu analala juu ya blanketi?"

"Ndiyo mama. Ni blanketi lake."

"Lake." Akatikisa kichwa, akaenda jikoni.

Zungumzeni mapema na wenyeji mbwa watakaa wapi, na mkubali wanachosema. Sisi tulipewa stoo ya ndizi, safi na kavu. Mbwa wa nyumbani pale tuliwalipia chanjo siku ya pili, kwa daktari wa kata. Ilikuwa zawadi kwao na kinga kwetu. Kuku wafungiwe au mbwa wafungwe, chagueni kimoja. Parachichi zinazodondoka chini ziokotwe kila asubuhi, kwani kokwa likimezwa huziba utumbo. Bruno tulimnyang'anya moja likiwa tayari mdomoni.

Msikae ukweni siku mbili mkakimbia. Siku nane zilitutosha kuona makaburi, kula kwa shangazi wote, na mume wangu kukaa na baba yake kibarazani bila kuulizana lolote. Usiku wa tatu baridi ilizidi, na asubuhi nilimkuta Pili amefunikwa kitenge kuukuu cha mama mkwe. Hakuna aliyesema kimefikaje pale.

Kurudi, na siku kumi za mwisho

Rudini mkiwa na angalau wiki tatu kabla ya ndege, ili nagana au homa ya kupe ikiwapo ijitokeze mkiwa bado na daktari wenu. Siku mliyofika, waogesheni, wapekueni kupe, waandikieni uzito. Sisi tuliwapima tena kila wiki.

Miadi ya cheti cha serikali wekeni mapema, na siku yenyewe nendeni na kila kitu: kadi, majibu ya maabara ya awali na si nakala peke yake, namba za chipu, tiketi. Cheti kisomeni hapo hapo kabla ya kutoka mlangoni. Nasisitiza kwa sababu mnajua yaliyotupata Februari. Kama mnasafiri siku tofauti na mbwa, tofauti isizidi siku 5, la sivyo anahesabiwa kama mbwa wa biashara na kanuni zinakuwa nyingine. Mkifika, mbwa mnamtangaza wenyewe kwa watu wa forodha. Kodi ya mbwa mtaikuta karibu kila mji Ujerumani, na Hamburg inalazimisha bima ya madhara ambayo mbwa anaweza kuwafanyia wengine. Itafuteni wiki ya kwanza.

Siku ya ndege mlo mwepesi saa nne au zaidi kabla, matembezi marefu, na bakuli la maji ligandishwe kwenye friji usiku uliotangulia. Barafu inayeyuka taratibu na haimwagiki wakati wa kubeba. Bahasha ya nakala ibandikwe juu ya kizimba, majina na simu yenu ya huko mwendako yaandikwe kwa kalamu isiyofutika. Ndani wekeni kitambaa kimoja tu chenye harufu wanayoijua. Bruno aliwekewa fulana ya mume wangu. Pili alikuwa na kitenge chake. Aliingia mwenyewe, akazunguka mara mbili, akalala kabla hatujafunga mlango.